Udongo wa Rweya: Sifa Zake, Jina Lake na Kazi Yake

(Matini ya mazungumzo kwa madiwani, maofisa ugani, wajumbe wa kamati za kilimo za vijiji na wakulima wa ukanda wa ziwa, Bukoba)



Msafiri apandaye meli Mwanza jioni huyaacha nyuma majabali ya graniti yaliyopandana kana kwamba yalipangwa kwa mkono. Alfajiri, meli inapoikaribia Bukoba, hukutana na sura nyingine kabisa ya nchi: magenge yenye matabaka yaliyolala, tabaka juu ya tabaka, na juu yake migongo mirefu ya ardhi inayokwenda sambamba na ufuko wa ziwa. Ziwa ni lilelile, lakini mwamba umebadilika. Upande wa Mwanza ni graniti. Upande huu ni mwamba wa mchanga, yaani mchanga wa kale ulioshindiliwa na kugandishwa kwa mamia ya mamilioni ya miaka hata ukawa jiwe. Wanajiolojia wameuita mfumo huu wa miamba kwa jina la mji wenyewe, na katika vitabu vyao neno Bukoba hutajwa mbali sana na Kagera.

Mabadiliko hayo ya mwamba ndiyo chanzo cha habari yote inayofuata. Kijana aliyegawiwa na wazazi wake ekari moja ya rweya, kwa kuwa kibanja cha ukoo kimekwisha kugawanywa hata hakigawanyiki tena, anahitaji kuijua habari hiyo kabla ya kununua hata mche mmoja wa mgomba. Wengi hawakuijua. Walipanda kwa juhudi, wakavuna mkungu mdogo mwaka wa kwanza na mdogo zaidi mwaka wa pili, kisha shamba likarudi kuwa majani. Wapo walioambiwa kuwa ni wavivu. Ukweli ni kwamba walipewa udongo mwingine na mafundisho ya udongo wa baba zao.

Udongo huanza kwa jiwe. Graniti ya Mwanza, pamoja na ugumu wake, ina ndani yake madini mchanganyiko, mengine yakiwa na potasiamu na kalisi, ambayo huachiliwa kidogokidogo kadiri jiwe linavyooza. Mwamba wa mchanga kwa sehemu kubwa ni chembe za kwazi, madini yaleyale yang'aayo katika mchanga wa ufukoni, na kwazi haimlishi mmea kitu. Jiwe la namna hii likioza hutoa mchanga, pamoja na kiasi fulani cha mfinyanzi kitokacho katika gundi iliyoushika mchanga huo na katika matabaka ya mwamba wa tope yaliyolala katikati yake. Mchanganyiko huo ndio unaozaa udongo tifutifu wa nyanda za juu za Bukoba: si mchanga mtupu, wala si mfinyanzi mzito. Kwa jembe ni udongo mzuri ajabu. Hulimika kwa urahisi, haushiki jembe wakati wa mvua, haupasuki wakati wa kiangazi, na maji hupita ndani yake bila kutuama. Mkulima anayeupima udongo kwa jembe peke yake atausifu sana.

Kisha huja mvua. Katika ukanda ulio karibu na ziwa, mvua ya Bukoba hufikia takribani milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya ile ya Mwanza mjini, na hupungua kadiri mtu anavyokwenda magharibi kuelekea Karagwe. Maji mengi kiasi hicho, yakipita miaka na miaka katika udongo unaopitisha maji kwa wepesi, huchukua kila kinachoyeyuka. Kalisi huondoka, magnesiamu huondoka, potasiamu huondoka. Vinavyobaki ni vile visivyoyeyuka kwa urahisi, yaani kwazi, chuma na alumini. Chuma ndicho kiupacho udongo rangi ya manjano iliyoiva au nyekundu. Alumini haionekani kwa macho, nayo ndiyo yenye madhara makubwa zaidi.

Anayetaka kuyaona haya na achimbe shimo. Wapima udongo huchimba shimo la kina cha mita moja na nusu hadi mbili, lenye upana wa kumtosha mtu kusimama ndani, kisha husafisha ukuta mmoja unaoelekea jua na kuusoma kutoka juu kwenda chini. Katika rweya, tabaka la juu ni la rangi ya kahawia iliyokolea, lenye mizizi mingi ya nyasi, na mara nyingi halizidi kina cha jembe. Chini yake rangi hugeuka polepole kuwa manjano au nyekundu, na hakuna mpaka mkali baina ya tabaka na tabaka. Mizizi hupungua ghafla, ijapokuwa hakuna jiwe linaloizuia. Hilo ni jambo la kutazamwa vizuri: mzizi ukikataa kushuka katika udongo laini wenye unyevu, kinachouzuia ni uchachu na alumini. Chini zaidi huweza kuonekana kokoto nyekundu za chuma, au vipande vya mwamba wenyewe vikiwa vimeanza kulainika. Juu kabisa ya mgongo wa ardhi mwamba huwa karibu na udongo huwa mwembamba. Kwenye mteremko udongo huongezeka kina. Bondeni, penye mafunjo, ni tope jeusi lenye mabaki ya mimea, na hilo ni somo lingine.

Pasipo na maabara, mkono unatosha kuanzia. Bonge la udongo lichukuliwe, lilowanishwe kidogo, lifinyangwe, kisha lisukumwe kati ya kidole gumba na cha shahada ili litoke utepe. Udongo wa mchanga mtupu hautoi utepe. Utepe ukikatika kabla ya kufikia sentimita mbili na nusu, udongo huo ni tifutifu. Ukifika sentimita mbili na nusu hadi tano, ni tifutifu wenye mfinyanzi. Ukipita tano, ni mfinyanzi. Vidole vikisikia ukwaruzo mwingi pamoja na utepe huo, mchanga umo kwa wingi, na ndivyo ilivyo mara nyingi katika udongo uliozaliwa na mwamba wa mchanga. Hatua chache kando, palipo na mwamba wa tope, utepe hurefuka, na udongo huo huwa na nguvu kidogo zaidi. Kwa hiyo mashamba mawili ya jirani yaweza kutofautiana pasipo mchawi wala laana.

Sasa jina. Mataifa yana mifumo miwili inayotumika sana ya kuuainisha udongo: ule wa kimataifa unaosimamiwa na wanasayansi wa udongo duniani na kutumiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na ule wa Marekani. Mfumo wa kimataifa hauuangalii udongo kwa rangi peke yake, wala kwa jina la jiwe lililouzaa. Huuliza maswali mahususi. Je, mfinyanzi wake unaweza kushikilia virutubisho kiasi gani? Je, mfinyanzi umeshuka kutoka tabaka la juu na kujikusanya chini? Je, katika nafasi zinazoshikilia virutubisho, ni sehemu gani iliyojaa kalisi, magnesiamu na potasiamu, na ni sehemu gani iliyotekwa na alumini na uchachu? Udongo ambao mfinyanzi wake umechakaa kabisa, hata kila kilo ya mfinyanzi huo haiwezi kushikilia zaidi ya sentimoli 16 za virutubisho, huwekwa katika kundi la Ferralsoli. Ule ambao mfinyanzi wake dhaifu umejikusanya chini, na nafasi zake zenye virutubisho vyema hazifiki nusu, huitwa Akrisoli. Udongo wa rweya huangukia katika makundi hayo mawili, mahali pengine hili, mahali pengine lile. Wamarekani wangeuita Oksisoli au Ultisoli. Majina haya yanaweza kuonekana kama urembo wa wasomi, lakini kila moja linabeba onyo lilelile: udongo huu hauna ghala. Kinachotiwa leo, kama hakikunyonywa na mmea wala kushikwa na mboji, kesho kimekwenda na maji.

Wenyeji waliuainisha kabla ya wote hao. Wahaya wana kibanja, shamba la migomba na kahawa lizungukalo nyumba. Wana rweya, uwanda wa majani. Wana kikamba, kibanja kilichochoka na kuachiwa mihogo na mazao ya msimu. Na wana omusiri, kipande cha rweya kilimwacho kwa muda na kuachwa kipumzike, ambacho kwa desturi kilikuwa cha wanawake na njugu mawe zao. Ng'ambo, Wasukuma huutaja udongo kwa jina kulingana na mahali ulipo kwenye mteremko: luseni ya kichanga karibu na vilima, itogolo chini yake wenye tabaka gumu, hadi mbuga nyeusi ya bondeni. Watafiti wa Ukiriguru hawakuyadharau majina hayo. Kuna tofauti moja kubwa, hata hivyo, baina ya pande hizi mbili. Majina ya Wasukuma yanafuata mteremko. Majina ya Wahaya yanafuata kazi ya mtu.

Tofauti hiyo ilimshughulisha Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga. Ndiye aliyewapa wanasayansi wa dunia nzima, mwaka 1935, neno katena, yaani mnyororo, kwa kueleza jinsi aina za udongo zinavyofuatana kutoka kilimani hadi bondeni. Na ramani ya udongo ya Afrika Mashariki aliyoisimamia ilitoka mwaka 1936. Alipofika Bukoba aliona vijiji kama visiwa vya kijani katika bahari ya majani. Mtu wa haraka angesema kwamba wahenga walichagua mahali penye udongo mzuri wakajenga hapo. Mwaka 1938 jarida la kilimo la Afrika Mashariki lilichapisha makala yake kuhusu rutuba ya juu na rutuba ya chini juu ya udongo wa Bukoba wa asili moja. Kibanja na rweya vilikuwa na mzazi mmoja. Kilichovitenga ni mikono ya watu.

Jambo hili linastahili kukaliwa kwa muda, kwa maana ndilo kiini cha mashauri yote ya kilimo katika ukanda huu. Kwa vizazi vingi majani ya rweya yalikatwa na kubebwa kichwani hadi nyumbani. Yalitandazwa ndani ya nyumba, kisha yalipochakaa yakatolewa na kutandazwa migombani. Ng'ombe walilishwa rweyani mchana na kulala nyumbani usiku, na samadi yao ikabaki kibanjani. Majivu ya mekoni, maganda ya ndizi, makapi ya maharage, vyote vilianguka chini ya mgomba. Kila siku kitu kidogo kilitoka rweyani na kuingia kibanjani, na hakikurudi. Baada ya karne moja au zaidi, tabaka jeusi la kibanja likawa nene. Mfumo wa kimataifa una kundi maalumu kwa udongo uliotengenezwa na mwanadamu, nalo ni Anthrosoli. Tabaka hilo likifikia sentimita 50, na masharti mengine yakitimia, shamba la bibi kizee linaweza kuingizwa humo. Hiyo ni hadhi ambayo hakuna mvua wala mwamba ulioitoa.

Ni hesabu ya haki vilevile, na hesabu ina pande mbili. Ekari moja ya kibanja chenye afya ilikula nguvu za ekari nyingi za rweya. Rweya, ambayo tangu asili haikuwa na ghala, ilitolewa kila mwaka na kuchomwa moto kila kiangazi. Kwa hiyo anayerithi rweya leo anarithi udongo maskini wa mwamba wa mchanga, na juu yake anarithi deni la kibanja cha babu.

Mzunguko wenyewe nao umelegea. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe wengi, na idadi ya kaya zenye samadi haijawahi kutosha. Sehemu za rweya zimepandwa misonobari na mikaratusi, majani yamekwenda mbali, na wanaoyabeba ni wachache. Mikungu ya ndizi ambayo zamani iliishia jikoni, na maganda yake kurudi shambani, sasa hupakiwa magarini kwenda mijini. Mgomba hupenda potasiamu kuliko takribani kila kirutubisho kingine. Kila mkungu uliouzwa huondoka nayo, na hakuna gari lililowahi kurudisha maganda. Kuuza ndizi si kosa, na kaya inahitaji fedha. Kosa ni kuuza bila kurudisha.

Afanyeje basi mwenye ekari ya rweya?

Kwanza, asipande migomba ekari nzima. Kibanja kipya huanzishwa kipande kwa kipande, karibu na nyumba au karibu na zizi, kwa kiasi ambacho samadi na mboji ya kaya vinatosha. Shimo moja lenye samadi ya kutosha lina faida kuliko mashimo kumi yenye majani makavu. Sehemu inayobaki inaweza kuchukua mihogo, ambayo huvumilia uchachu kuliko mazao mengi, au njugu mawe, kama akina mama walivyojua siku zote, au miti, lakini baada ya kufikiri majani ya matandazo yatatoka wapi.

Pili, aangalie uchachu kabla ya mbolea. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kuchoma ncha za mizizi, na maharage huwa ya kwanza kulalamika. Katika udongo huohuo chuma na alumini huikamata fosforasi ya mbolea na kuifungia, hata mkulima akanunua mfuko ambao mmea hauwezi kuutumia. Chokaa ya kilimo hupunguza uchachu. Majivu hufanya kazi hiyo kwa kiasi kidogo na yana potasiamu pia. Fosfati ya Minjingu, itokayo mkoani Manyara, huyeyuka vizuri zaidi katika udongo wenye uchachu, hivyo inafaa huku kuliko inavyofaa kwenye udongo wa magadi. Salfeti ya amonia, kwa upande mwingine, huongeza uchachu, na kuitumia mfululizo rweyani bila chokaa ni kuugharimia ugonjwa. Wala chokaa isimwagwe kwa kukisia. Udongo wa kichanga hauhitaji chokaa nyingi kama mfinyanzi, na ikizidi huleta upungufu mwingine.

Tatu, apime. Hapa ndipo palipo na mzaha mwingi. Kuna anayeleta kwa afisa ugani konzi moja ya udongo aliyoichota kando ya njia, akitaka kuambiwa habari za shamba zima. Sampuli inayofaa huchotwa sehemu 15 hadi 20 za shamba, kwa kutembea kwa kupindapinda, kina cha sentimita 20, kwa jembe safi na ndoo ya plastiki isiyowahi kuwekwa mbolea. Kichuguu, njia ya ng'ombe, mahali palipochomwa majani na mahali pa lundo la samadi viepukwe. Kibanja na rweya visichanganywe kamwe katika ndoo moja, hata kama ni mali ya mtu mmoja na vimetengwa na hatua tatu tu. Maelezo yote yaliyotangulia yanaonyesha sababu. Udongo uliochotwa uchanganywe vizuri, kiasi cha nusu kilo kitengwe, kikaushwe kivulini, kisha kifungwe na kuandikwa jina la mwenye shamba, kijiji, tarehe, kina, zao lililopita na zao linalokusudiwa. Kwa anayetaka kupanda migomba au kahawa, mazao yenye kukaa miaka mingi, sampuli ya pili ya kina cha sentimita 20 hadi 50 ina thamani kubwa, kwa kuwa alumini ya chini ndiyo itakayoamua kama mizizi itashuka.

Majibu ya kipimo yasomwe pamoja na afisa ugani wa kata. Karatasi ya maabara ina tarakimu nyingi, na si zote zenye uzito sawa kwa udongo huu: itazamwe kwanza pH, kisha kiasi cha mboji, kisha potasiamu na fosforasi. Naitrojeni inaweza kusubiri, ingawa ndiyo ambayo wauzaji huitaja kwanza. Kamati za vijiji nazo zina sehemu yao, kwa sababu rweya nyingi bado ni ya jumuiya: kijiji kinachogawa rweya yote kwa ajili ya miti kimeamua pia, pengine bila kujua, kwamba vibanja vyake havitapata majani. Uamuzi wa namna hiyo ujadiliwe mkutanoni kwa uwazi, wanawake wenye emisiri wakiwapo, kabla ya mipaka kupimwa.

Wakati mzuri wa kuchota sampuli ni Juni hadi Julai, ardhi ikiwa imekauka kiasi na mashamba yakiwa yamepumzika. Chokaa inahitaji wiki kadhaa ndani ya udongo wenye unyevu kabla ya mbegu, na mvua za vuli huanza kuonekana Septemba. Anayesubiri wingu la kwanza ndipo achukue ndoo, atapata majibu ya msimu uliopita.